Mashine Ilisema Ndiyo kwa Sauti ya Mume Wangu

Umewahi kumuuliza mtu swali zito, akakujibu "ndiyo" kwa sauti yake mwenyewe unayoijua tangu ujana, halafu ukaja kugundua kuwa aliyejibu siye yeye?

Mimi yamenikuta.

Na msikimbilie kusema mashetani. Humu hamna shetani. Kuna kompyuta kuukuu, kadi moja ya kijani yenye ukubwa wa kiganja, na binti yangu wa kumzaa, ambaye mpaka leo habari hii ikitajwa anatoka chumbani.

Nilipomwomba ruhusa ya kuiandika alifunga mlango kwanza. Kisha akasema, "Andika, Mama. Ila usinitetee."

Sitamtetea. Nitaeleza tu ilivyokuwa.

Mume wangu alikuwa fundi wa lifti. Maisha yake ameyamaliza katika vile vyumba vidogo vya juu kabisa ya majengo, ambako mota inakaa na kamba za chuma zinazunguka. Hata siku ya harusi mikono yake ilinuka grisi. Dada yake, yaani wifi yangu, alinishika bega akaninong'oneza, "Pole wifi, umeolewa na mota."

Mimi nilimwita Mzee tangu hana mvi hata moja. Basi na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Ugonjwa ulianzia kwenye vidole. Akawa anadondosha spana. Kisha mkono mzima ukalegea, kisha miguu, kisha shingo. Daktari alitukalisha akatueleza taratibu: misuli itakauka mmoja baada ya mwingine, dawa ya kuirudisha hakuna, ila akili na masikio vitabaki vizima.

"Atasikia kila mnachosema," akatuonya.

"Basi tusimseme vibaya, atatulipizia," wifi akadakia.

Mzee akacheka. Wakati huo bado alikuwa na kicheko.

Binti yetu tunamwita Waya. Jina hilo alipewa na baba yake, maana alikuwa mwembamba, na kila waya aliouona ukutani aliuchomoa ajue unaenda wapi. Akakua, akasomea kompyuta. Kazi yake ni kuandika programu za kuendesha mitambo ya viwandani, ile ya kufunga chupa vifuniko na kuzibandika karatasi.

Alipoona sauti ya baba yake inaanza kukwama, aliwaomba wakubwa zake afanyie kazi nyumbani. Akahamia chumba cha mbele na makorokoro yake yote.

"Baba," akasema, "kabla sauti haijaisha, tuiweke akiba."

Akamwekea kinasa sauti mbele ya mdomo. Maneno aliyachagua Mzee mwenyewe, kwa ubishi wake wote.

"La kwanza liwe Ndiyo," akasema kwa ulimi ambao tayari ulikuwa mzito. "La pili Hapana."

"Halafu Asante," Waya akasema.

"Asante ya nini? Anayewavumilia ni mimi. Nyinyi ndio mniambie asante."

Asante haikurekodiwa. Yakarekodiwa Maji, Joto, Baridi, Geuza, Inauma, Zima taa. Mwisho akanitazama nilipokuwa nimesimama mlangoni na taulo begani, akasema bila kuombwa, "Mke wangu." Waya akawahi kubonyeza kitufe asije akaghairi.

Haukupita muda mrefu, sauti ikaisha. Usoni kikabaki kimsuli kimoja tu kinachomtii, kwenye shavu la kushoto, kikiruka akikitaka kiruke, lakini kidogo mno hata jicho la mtu lisikione.

Sasa nieleze habari ya kula, maana ndiyo kiini cha mambo yote.

Nilikuwa nikimlisha mwenyewe. Naweka mito mitatu mgongoni, taulo kifuani. Chakula nimekisaga mpaka hakina punje. Nachota nusu kijiko, nakiweka upande wa kulia wa ulimi maana wa kushoto ulikuwa mzembe. Kisha nasubiri. Natazama koo. Koromeo likishuka na kupanda, ndipo namfuta mdomo na kuchota tena. Tukianza jua likiwa miguuni pa kitanda, tunamaliza limeshafika kabatini.

Watu waliniona nateseka. "Wifi, utakufa kabla yake," wifi alikuwa akisema.

Kumbe ile ndiyo ilikuwa saa yangu ya kukaa naye uso kwa uso, macho yake kwangu, yangu kwake.

Lakini akaanza kupaliwa. Chakula kikawa kinaingia njia ya hewa, kifua kikajaa, tukalazwa hospitali, tukarudi, tukalazwa tena.

Daktari akasema imefika wakati wa mrija. Wanatoboa tumbo kidogo, wanapitisha mrija, chakula kinamiminwa moja kwa moja. Mdomoni hakiingii kitu tena.

"Ila," akasema, "huyu ni mtu mwenye akili timamu. Siwezi kumtoboa bila ridhaa yake. Tafuteni namna ya kumuuliza. Wiki ijayo nitapita nyumbani."

Waya akageuka kunitazama. Macho yalikuwa yanawaka.

"Namna ipo," akasema.

Alikuwa ameshaanza kuitengeneza. Kompyuta aliitoa kwenye ofisi moja iliyokuwa inahama. Ndani akachomeka ile kadi ya kijani, ya kupokea ishara za msuli, na kwenye kadi akaunga nyaya nyembamba zenye vibandiko vya kubandika shavuni. Kwenye skrini kuna ubao wa maneno, na mwanga unapita juu ya neno moja moja. Shavu likiruka, neno lenye mwanga ndilo linalosemwa. Na linasemwa kwa sauti ya Mzee mwenyewe.

Kazi nzuri. Tatizo, iliganda.

Ilikuwa inaanza "Ma..." halafu kimya. Skrini yote imekufa. Tunabaki tunamtazama Mzee, hatujui ni maji au ni nini, hadi Waya aizime na kuiwasha upya.

Nilimuuliza kulikoni. Nilikuwa nimekaa karibu yake namenya viazi, naye hapendi kueleza nusu nusu, tangu mtoto.

"Mama, unakijua kile chumba cha mota cha Baba? Kompyuta nayo inacho. Tunakiita kiini. Kila kitu kinaendeshwa kutoka mle. Sasa programu inayoongea na kadi, yaani kiendeshi, kwa kawaida inakaa mle mle ndani. Na hiki kilichokuja na kadi kimeandikwa ovyo. Kikijikwaa kidogo tu, jengo zima linasimama."

"Kwa hiyo?"

"Nakitoa nje. Naandika kingine kikae nje ya chumba cha mota, kwenye meza yake. Kikizimia kinazimia peke yake. Nakiamsha, lifti zinaendelea."

"Na kadi itakitii kikiwa huko nje?"

"Itakitii kama kiini kimejengwa kukubali hivyo. Ndicho nachofanya hapa, nakijenga upya."

Nikamenya kiazi kingine. "Mbona uso umekunja?"

Akavuta pumzi. "Kuna jambo la usalama. Kadi ina mkono mrefu. Inaandika yenyewe kwenye kumbukumbu ya kompyuta, haimpitii mtu. Kwa hiyo ndani ya mashine kuna mlinzi. Anaipa kadi korido moja tu. Ikijaribu mlango mwingine inakuta ukuta. Huyo mlinzi akiwa macho, hata kiendeshi cha nje kikikosea, hakiharibu kitu."

"Mwamshe basi."

"Nimemwamsha. Ila yeye hagawi kifaa kimoja kimoja, anagawa kwa makundi, kufuatana na pale vilipochomekwa. Kadi yetu imeangukia kundi moja na diski. Ni kama vyumba viwili vyenye kitasa kimoja. Nikitoa ufunguo wa kimoja nimetoa na wa pili. Na kompyuta ikinyang'anywa diski haiwaki."

"Ichomeke kwingine."

"Nafasi nyingine imezibwa na chuma nilichoifungia mashine kwenye stendi ya kitanda. Mpaka nifumue yote, nikate, nifunge upya. Na daktari anakuja."

Nikazoa maganda. Ningebisha nini?

Kumbe kujenga kiini ni kuulizwa maswali. Skrini inauliza moja moja, hiki kiwemo au kisiwemo, naye anajibu ndiyo, hapana, ndiyo, ndiyo, hapana. Vidole vilikuwa vinakimbia kama vya mtu anayepukuchua mahindi.

Kisha vikasimama.

"Inauliza nini?" nikasema.

"Inauliza kama nakubali kuikabidhi kadi bila mlinzi. Wenyewe walioiandika wameiita hali isiyo salama. Hilo ndilo jina lake kabisa."

"Na wewe unasemaje?"

Akamtazama baba yake kule kitandani. "Nasema ndiyo, kwa sasa, na mlinzi namzima. Daktari akishapita, nafumua, nahamisha kadi, nawasha mlinzi."

Akabonyeza.

Mashine ikaacha kuganda. Siku ile ile Mzee akasema, "Joto."

Mamaa! Tuligongana vichwa kukimbilia kumwondolea blanketi. Wifi alipiga vigelegele hadi jirani akagonga kuuliza nani kaposwa. Mimi nilikaa chini sakafuni nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Sauti ni yake. Ule mkwaruzo wa mwisho wa neno ni wake. Tulikuwa tumemzika akiwa hai, sasa amefufuka.

Kulikuwa na kijambo kimoja. Kila asubuhi nikiiwasha, maandishi yalikuwa yanashuka kwenye skrini kwa Kiingereza, na mstari mmoja ulikuja na rangi yake. Nikamuuliza Waya unasemaje.

"Kiini kinasema kimetiwa doa. Ni onyo tu kwa mafundi, kwamba kikiharibika wasikiamini."

Mimi nikasikia doa. Kesho yake nikaichukua mashine yote nikaifuta kwa kitambaa na sabuni, mbele, nyuma na kwenye matundu. Nikaiwasha. Mstari ukaja tena. Nikaifuta tena.

Waya aliponikuta alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaona kweli mstari ule unanikosesha raha, basi akaipanga mashine iwake kimya kimya bila kuonyesha maandishi.

Onyo likaacha kuonekana, na sote tukalisahau.

Baadaye mambo madogo yakaanza. Tumemgeuza sasa hivi, mashine inasema, "Geuza." Tunamgeuza. Jua linawaka, shingo inamtiririka jasho, inasema, "Baridi." Tunamfunika.

"Kaka yangu amekuwa mkorofi," wifi akasema. "Anatuchezesha huyu."

"Labda mwili wake unahisi tofauti," Waya akamjibu.

"Au hiyo redio yako imepagawa. Tangu lini mtu akasemewa na redio?"

"Shangazi, tafadhali."

Nikawa naona chozi linamtoka Mzee kwenye kona ya jicho, linashuka hadi sikioni. Muuguzi aliyekuwa akipita alisema macho makavu hutoa machozi, tumwekee matone. Tukamwekea matone.

Na kuna mchana mmoja nilikuwa peke yangu naye, nakunja mashati yake, mashati ambayo hatavaa tena lakini bado nayafua. Mashine ikasema, "Mke wangu."

Shati likaniponyoka.

Nikaenda nikaweka shavu langu kwenye lake. "Nipo hapa," nikamwambia. "Mke wangu," ikasema tena. Nikakaa vile vile nimeinama hadi mgongo ukafa ganzi. Sikumwambia mtu. Nililiweka kwangu kama dhahabu.

Daktari akaja. Akavuta kiti, akamweleza Mzee kila kitu, jinsi mrija unavyowekwa, kwamba hatakula tena kwa mdomo, kwamba bila mrija kifua kitamuua mapema. Alieleza vizuri, sina neno naye.

Sote tulisimama. Mimi nilisimama upande wa miguu.

"Mzee, unakubali tukuwekee mrija?"

Mwanga ukapita kwenye ubao.

"Ndiyo."

"Umeelewa nilivyokueleza?"

"Ndiyo."

"Una hakika?"

"Ndiyo."

Waya akafunika uso kwa viganja, akisema, "Asante Baba, asante Baba." Wifi akatikisa kichwa. "Mh! Huyu tangu azaliwe hajawahi kukubali kitu mara ya kwanza. Leo kakubali mara tatu?"

Tukamcheka.

Mimi sikuulizwa. Nami sikusema kitu.

Mrija ukawekwa.

Chakula sasa kilikuwa maji mazito ya kwenye chupa. Muuguzi anakuja, anainua chupa juu, yanateremka. Kabla hujamaliza kufagia chumba ameshamaliza na kuosha mrija. Hakuna taulo, hakuna kufuta mdomo. Juu ya kitanda wakabandika karatasi: asipewe chochote mdomoni.

Nikaambiwa, Bibi, sasa pumzika. Nikapumzika. Sijawahi kuchoka kama nilivyochoka kwa kupumzika kule.

Kidonda cha tumboni hakikupona. Kilivimba, kikatoa usaha, kikafunga, kikafumuka. Mzee akabaki anatazama dari. Mashine ikizungumza, ilikuwa inasema, "Inauma," na hapo angalau tulielewana nayo.

Sasa sikilizeni.

Asubuhi moja nilikuwa namwosha uso. Vibandiko vilikuwa vinaacha gundi shavuni, kwa hiyo nikavibandua vyote, nikavining'iniza na nyaya zake kwenye mgongo wa kiti. Nikageuka kukamua kitambaa kwenye beseni.

"Ndiyo."

Nikaganda.

Nikamtazama Mzee. Shavu lake tupu, limelowa maji. Nyaya zinaning'inia kwenye kiti, haziguswi na mtu.

"Ndiyo," ikasema tena. Sauti yake. Ule mkwaruzo wake.

Kitambaa kilikuwa kinachuruzika kwenye miguu yangu nami sina habari.

"Baridi," kikasema kile kiti.

Kisha, taratibu, kama siku ile ya mashati, "Mke wangu."

Nilipiga ukelele mmoja tu. "Waya!"

Alikuja mbio, povu la dawa ya meno mdomoni. Akanitazama mimi. Akatazama kiti. Hakuniuliza kitu. Mashine ikasema, "Ndiyo," naye akashuka chini polepole, mgongo ukutani, kama nguo iliyoanguka kwenye kamba.

"Mlinzi," akasema. "Mama, sikumwasha mlinzi."

Akaifumua ile stendi yote. Chuma kilichokuwa kimeziba akakikata kwa msumeno wa mkono, vumbi la chuma likajaa sebuleni. Kadi akaihamishia nafasi ya pili, ambako ilikuwa peke yake katika kundi lake. Akawasha mlinzi kwenye mipangilio ya kompyuta, akajenga kiini upya, na lile swali lilipokuja safari hii akajibu hapana. Nilikuwa nyuma yake, nilimwona.

Akaiwasha, maandishi yote yakionekana.

Mistari ikashuka kama mvua ya mawe. Waya akawa anainyooshea kidole.

"Unaona? Hii ni kadi inajaribu kuandika kwenye kumbukumbu isiyo yake. Mlinzi anaizuia. Na hii. Na hii. Kosa ni langu, Mama, niliipa kadi kipimo kirefu kuliko korido yake. Kila ikijaa ilikuwa inamwagikia ng'ambo, pale pale ambapo programu inashikilia neno lililochaguliwa. Neno alilochagua Baba linafutwa, linaandikwa takataka."

"Na mbona ilikuwa inasema maneno ya kueleweka?"

"Takataka nyingine zinaangukia namba ya neno, linasemwa hilo. Zisipoangukia popote, programu inarudi kwenye neno la kwanza."

Neno la kwanza.

Hakuna kati yetu aliyelitaja. Mzee alikuwa pale pale anasikia.

Waya akafuta pua kwa mkono. "Na daktari aliuliza mara tatu. Hakuna aliyefikiria kumuuliza Baba swali ambalo jibu lake lingekuwa hapana."

Akalisahihisha lile kosa. Mistari ikakoma. Akabandika vibandiko shavuni kwa uangalifu, kama anayembandika mtoto plasta. Mwanga ukaanza kupita kwenye ubao.

"Baba, nipo. Sasa imepona. Sema chochote."

Mwanga ukapita. Ukarudi mwanzo. Ukapita.

Kimya.

"Labda amechoka," nikasema.

Kesho yake, kimya. Keshokutwa, kimya. Waya akahamisha vibandiko kwenye nyusi, kwenye kidevu, kwenye kope. Kwenye skrini aliweka mchoro wa kuonyesha msuli ukiruka. Ulikuwa mstari ulionyooka, kama umepigwa kwa rula.

Mashine ilikuwa salama sasa. Haikudanganya tena. Na ukweli iliokuwa nao ni kwamba hapakuwa na mtu anayeongea.

Daktari alikuja kutazama kidonda, tukamweleza yote. Akavua miwani. Akampima Mzee usoni kwa kifaa chake, upande huu na upande huu, akikawia kila mahali.

"Misuli ya uso imenyamaza kabisa," akasema.

"Tangu lini?" Waya akauliza.

"Siwezi kujua."

"Siku ile ulipomuuliza, ilikuwa hai?"

"Mwanangu, siwezi kujua. Huenda alijibu ndiyo kweli. Huenda alijibu hapana ikafutwa. Huenda hakujibu kitu."

Nami nikamvuta Waya pembeni, nikamuuliza langu. Nikamwambia habari ya mashati, ya "Mke wangu". Nilimuuliza kama ile angalau ilikuwa yeye.

Alinishika mikono yote miwili. Nilitaka anidanganye. Hakunidanganya.

"Mama, hakuna mahali pa kutazama. Siwezi kujua."

Wifi siku hiyo aliuweka utani pembeni. Akamuuliza daktari, kwa sauti ndogo, "Na huo mrija ukitolewa, basi? Arudi kula kama zamani?"

"Koo nalo limekwisha, Bibi. Hamezi hata mate yake. Mrija ukitoka, kinachobaki ni njaa."

Nafahamu simulizi kama hii hufungwa kwa funzo. Langu naliweka hapa kabisa, kwa sababu baada ya hapa sitakuwa na la kuongeza. Nyinyi mnaotengeneza mashine za kuwasemea watu, msiahirishe mlinzi. "Kwa sasa" haina kesho. Na sisi tunaozisikiliza, jibu likija jinsi tunavyolipenda, tuulize tena kwa upande wa pili, kabla hatujafurahi.

Ila mimi sikulipenda lile jibu. Hilo ndilo nililobaki nalo.

Daktari alipoondoka, wifi alimsindikiza. Waya akapiga magoti karibu na kiti changu.

"Mama, sema kitu. Nitukane. Nipige. Usikae hivyo."

Sikuwa na tusi lake. Niliinuka nikaenda kukaa kitandani, pale nilipozoea kukaa jua likiwa miguuni. Nikainama kwenye sikio la Mzee, lile la kulia analosikilia vizuri zaidi. Macho yake yalikuwa darini.

"Mzee," nikamwambia, "siku ile ulipoulizwa, mimi nilisimama pale miguuni naomba useme hapana. Nilitaka niendelee kukulisha mwenyewe. Hata kama ungepaliwa mikononi mwangu, nilitaka iwe mikononi mwangu."